Kusaga Pilipili Kavu na Kuiweka Nyumbani

(Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili mwanafunzi aweze kuyasoma tena polepole, neno kwa neno.)

Hamjambo ninyi mlioketi darasani Ulaya, Mikumi, Kidodi na Kilosa mjini. Hujambo nawe uliye peke yako nyumbani, karatasi hii mkononi, kazi ya shamba imekwisha. Nasema Ulaya, na wageni wakisikia hudhani nawasalimu watu wa ng'ambo. Sivyo. Ulaya yetu iko wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, juu ya njia iendayo Mikumi, na watu wake ni Wasagara, Wavidunda na wengine wengi waliokuja kulima. Ile Ulaya nyingine nayo itatajwa kidogo baadaye, maana iliwahi kupata msiba wake kwa ajili ya pilipili.

Somo la leo ni hili: namna ya kutengeneza pilipili ya kusaga, ile nzito kama uji mzito, ya kupaka kuku kabla ya kuchoma, ya kutia katika maharage, ya kukaangia samaki. Tutatumia pilipili kavu, si mbichi. Na tutajifunza kuiweka isiharibike wala isimdhuru mtu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nichague somo hili. Kuna watu wengi wajuao kusaga pilipili, hata mama zetu hawahitaji mwalimu wa redio kuwafundisha, lakini kuiweka ni elimu nyingine.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: PILIPILI. SIKI. SUMUKUVU. Wanafunzi wayasome, kisha wayanakili. Tutayarudia.

Kwanza tujue pilipili ilikotoka. Watu wengi hufikiri kuwa pilipili ni mmea wa Afrika tangu mwanzo, kwa sababu imezoea ardhi yetu sana. Pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti, bila kupandwa na mtu. Lakini asili yake ni bara la Amerika, na nchi ya Mexico ni mojawapo ya mahali ambapo watu waliilima zamani sana, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Christopher Columbus alifika upande huo wa dunia mwaka 1492. Wareno, ambao Vasco da Gama wao alipita pwani yetu mwaka 1498, ndio walioieneza mbegu hiyo katika bandari za Afrika na Bara Hindi katika karne iliyofuata. Kabla ya hapo watu wa pwani walijua pilipili manga, ile nyeusi ya mviringo, iliyokuja kwa majahazi. Mmea mpya ulipokuja ukapewa jina la zamani kwa sababu nao unawasha. Wazee watakumbuka pia kwamba zamani neno pilipili hoho lilikuwa na maana ya pilipili kali nyekundu. Kamusi za zamani zaeleza hivyo. Leo ukienda soko la Mikumi ukaomba hoho utapewa ile kubwa isiyowasha. Maneno nayo huhama.

Kwa nini pilipili kichaa huota yenyewe? Kwa sababu ya ndege. Ndani ya pilipili kuna kitu kiitwacho kapsaisini, na ndicho kinachowasha. Mnyama anyonyeshaye, kama ng'ombe, panya au mtu, huhisi moto huo. Ndege hahisi. Hula tunda zima, huruka, na huiangusha mbegu mahali pengine ikiwa nzima. Basi tunaweza kusema kuwa moto wa pilipili ni ukuta wa kuwazuia wanyama wanaotafuna mbegu, na mlango wazi kwa wale wanaozisafirisha. Binadamu peke yake ndiye anayepanda ukuta kwa hiari na kusema ni mtamu.

Huko Mexico watu wana desturi ya kukausha pilipili za aina nyingi, na kila aina ikikauka hupata jina jingine. Ile iitwayo poblano ikiiva na kukauka huitwa ancho. Jalapeño ikikaushwa kwa moshi huitwa chipotle. Wapishi wao huzichoma kidogo juu ya kikaango cha udongo au cha chuma, huziloweka katika maji ya moto mpaka zilainike, kisha husaga pamoja na kitunguu saumu, bizari nyembamba, chumvi, majani makavu yenye harufu na siki. Mchanganyiko huo huitwa adobo. Zamani waliusaga juu ya jiwe la miguu mitatu liitwalo metate, jiwe la mkononi likienda mbele na kurudi nyuma. Bibi yeyote wa Kisagara aliyesaga mtama angelitambua jiwe hilo mara moja bila kuelezwa kazi yake.

Hatuna ancho wala guajillo katika soko letu, na hatuzihitaji. Tunayo pilipili ndefu nyekundu, ambayo ina nyama kiasi na moto wa wastani. Tunayo pilipili mbuzi, yenye harufu nzuri lakini kali. Tunayo pilipili kichaa, ndogo kama njiti ya kiberiti iliyokatwa, na huyo ni adui wa machozi. Ushauri wangu ni kwamba sehemu kubwa ya mchanganyiko iwe pilipili ndefu, kwa sababu ndiyo itoayo rangi na uzito. Kichaa itiwe chache tu. Watu wengine hutengeneza kichaa tupu, na matokeo yake ni kitu kisichoonjeka ila kwa ncha ya sindano. Sioni faida ya chakula ambacho mtu hawezi kukila.

Sasa tuje kwenye kukausha, na hapa tutakaa kidogo.

Wakati mzuri wa kukausha kwetu ni baada ya masika, kuanzia Juni mpaka Oktoba, jua likiwa kali na mawingu machache. Chuma pilipili zilizoiva vizuri, nyekundu kabisa. Zile zenye madoa, zilizotobolewa na wadudu au zilizoanza kulainika, zitenge; zisikaushwe pamoja na nzima. Osha kwa maji safi, futa, kisha tandaza juu ya chanja. Chanja ni nini, kila mtu hapa anajua: miti minne, fito juu, na mkeka au wavu safi. Urefu wa kiuno unatosha. Usitandaze chini kwenye vumbi, wala kandokando ya barabara ya lami kama wengine wafanyavyo kwa sababu lami ina joto. Lami ina joto, ni kweli, lakini ina pia oili, kinyesi cha mbuzi na moshi wa malori. Funika kwa kitambaa chepesi ili nzi wasitue. Geuza mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani, maana umande wa usiku huirudishia pilipili maji uliyoyatoa mchana kutwa. Kama mvua yanyesha bila kutazamiwa, ingiza haraka na uzitandaze ndani penye hewa; usizirundike katika gunia zikiwa na unyevu.

Utajuaje kuwa imekauka? Itikise karibu na sikio. Mbegu zikilia ndani kama kayamba, iko karibu. Kisha ikunje. Ikikunjika kama ngozi, bado. Ikivunjika kwa mlio, tayari. Kwa kawaida kilo 4 au 5 za pilipili mbichi hutoa kilo 1 kavu, kwa hiyo usishangae ukiona rundo limepungua. Ni maji tu yaliyokwenda.

Sasa neno lile la tatu ubaoni. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu, ambao huota juu ya chakula kilichohifadhiwa kikiwa na unyevu. Twaijua zaidi katika mahindi na karanga. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na baadhi yao wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Lakini pilipili kavu nayo huipata, na wataalamu wa nchi nyingi huipima pilipili kwa ajili hiyo. Sumu hii huharibu ini. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi yaweza kumletea saratani ya ini, naye hatajua ilianza lini. Na jambo baya zaidi ni hili: haifi kwa kupikwa. Ukichemsha, ukikaanga, ukichoma, ukungu wenyewe utakufa lakini sumu aliyoiacha inabaki.

Ndiyo sababu nasema pilipili uipange kwa mkono na jicho ikiwa bado nzima. Ipasue moja moja, tazama ndani. Ukiona unga wa kijivu, wa kijani au mweusi, itupe yote. Usikate kipande kibaya ukala kilichobaki. Tena usiwape kuku, maana kuku nao huugua. Pilipili ikisagwa haina uso tena. Nzuri na mbaya zinakuwa rangi moja, na hapo hakuna mtu awezaye kutenganisha.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kununua pilipili ya unga isiyojulikana imetoka wapi. Na hapa ndipo inapoingia ile Ulaya ya ng'ambo. Mwaka 2005, nchini Uingereza, maduka yaliondoa rafuni aina zaidi ya 400 za vyakula kwa sababu viligunduliwa kuwa na rangi iitwayo Sudan 1. Rangi hiyo hutumika katika vitu kama nta na rangi za viatu, na hairuhusiwi katika chakula kwa sababu huhofiwa kuleta saratani. Iliingiaje? Iliingia ndani ya pilipili ya unga. Mtu fulani alitaka unga wake uonekane mwekundu na mpya, akautia rangi. Unga huo ukatiwa katika mchuzi wa chupa, na mchuzi ukatiwa katika vyakula vingine, mpaka nchi nzima ikawa inasoma vibandiko vya makopo. Pilipili kavu nzima ni vigumu kuighushi namna hiyo.

Haya, tusage. Chukua pilipili kavu gramu 100. Mwenye duka mwenye mizani atakupimia. Kwa pilipili ndefu hizo ni kama vikombe vitatu vya chai vilivyojaa bila kushindiliwa. Ongeza kichaa kavu kumi, au tano kama nyumba ina wageni. Kitunguu saumu punje kumi. Bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai. Chumvi vijiko viwili vya chakula. Siki kikombe kimoja na nusu, na uwe na nyingine kidogo karibu.

Vunja vikonyo. Pasua pilipili ndefu na utikise mbegu zidondoke. Watu husema ukali uko katika mbegu. Si hivyo hasa. Ukali mwingi uko katika ule uzi mweupe ambao mbegu zimeshikamana nao. Kwa hiyo ukitaka pilipili isiyo kali sana, toa uzi ule pia. Ukitaka kali, uache.

Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani, bila mafuta. Kigae cha chungu chafaa vile vile. Tia pilipili chache chache, zigeuze, na uziondoe mara harufu itokapo na rangi ikianza kukoza. Ni muda mfupi sana, kama kuhesabu mpaka ishirini. Ikigeuka nyeusi imeungua, na pilipili iliyoungua ni chungu; uchungu huo hautoki hata ukitia sukari. Tupa, anza upya. Kazi hii ifanyike nje, nawe ukae upande upepo unakotoka. Moshi wa pilipili hukwaza koo na macho. Mtoto mchanga asiwe karibu, wala mgonjwa wa pumu. Nimesikia akina mama wakisema kuwa wanafunga mlango ili majirani wasipige chafya. Jirani apige chafya tu; ni afadhali kuliko wewe kuzimia jikoni.

Mikono nayo ina habari yake. Kapsaisini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana mtu aliyeshika pilipili akanawa maji matupu, kisha akajikuna jicho, hulia kama aliyepigwa. Paka mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, au vaa mifuko safi ya plastiki kama huna glavu. Ukimaliza, sugua mikono kwa mafuta kwanza, kisha sabuni, kisha maji. Mama anyonyeshaye asimpakate mtoto mpaka afanye hivyo mara mbili. Na kinywa kikiwaka moto, maziwa yatasaidia kuliko maji, kwa sababu maziwa yana mafuta na yana kitu kinachoukamata ule ukali na kuuondoa ulimini.

Sasa tuloweke. Hapa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo njia zinapogawanyika.

Kama pilipili yako ni ya kuliwa leo na kesho, loweka katika maji ya moto kwa nusu saa, chuja, kisha saga na kitunguu saumu, chumvi, bizari na maji ya ndimu au ukwaju. Itakuwa tamu sana, pengine tamu kuliko ile ya siki. Lakini isiwekwe siku nyingi. Kinachobaki jioni ya kesho kitiwe katika mchuzi, kimalizike.

Kama pilipili ni ya kuweka, usiloweke katika maji. Loweka katika siki yenyewe. Chemsha siki mpaka itokote, mimina juu ya pilipili ndani ya bakuli la kioo au la udongo, funika, subiri nusu saa. Usiiache siki ilale katika sufuria ya aluminiamu, maana ukali wake hula chuma hicho na kukitia katika chakula. Tena kabla ya kununua siki, soma kibandiko chake. Utaona namba na neno asilimia. Tafuta iliyoandikwa asilimia 5. Siki isiyo na maandishi, iliyotiwa katika chupa ya soda, huwezi kujua imetiwa maji kiasi gani. Msomaji, hii ndiyo kazi ya kusoma. Wiki tatu zilizopita tulijifunza alama ya asilimia, na baadhi yenu mkauliza itatumika wapi nje ya benki.

Kwa nini siki? Kwa sababu ya kijidudu kimoja kiishicho katika udongo wa dunia yote, pamoja na udongo wetu. Ugonjwa wake huitwa botulizimu. Kijidudu hiki hakipendi hewa. Kikipata mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu, penye unyevu na joto kama la nyumba zetu, huamka na kutengeneza sumu inayolegeza misuli. Macho huona viwiliwili, ulimi huwa mzito, mtu hushindwa kumeza, na mwisho hushindwa kupumua. Mahali pa namna hiyo ni wapi? Ni ndani ya chupa ya mafuta yenye vitunguu saumu au pilipili mbichi. Watu hudhani mafuta yanalinda. Mafuta huzuia hewa, na kwa kuzuia hewa humtengenezea adui huyu nyumba. Yeye atoka katika udongo pamoja na kitunguu, hukaa chini ya mafuta, na kazi yake haina harufu wala povu lazima. Ukionja huwezi kujua. Lakini katika uchachu wa kutosha hawezi kukua. Siki ndiyo inayomfunga. Kwa hiyo usipunguze siki ya kuweka ati kwa sababu mchanganyiko ni mchachu mno. Ukiona mchachu, tia sukari kijiko kimoja, au tumia kidogo kwenye chakula, siki ibaki.

Zikilainika, saga pilipili pamoja na siki yake. Kinu na mchi vinafaa. Jiwe linafaa zaidi, kwa sababu hupondaponda ganda mpaka linapotea. Blenda ni haraka, kwa aliye na umeme. Anza na kitunguu saumu na chumvi, maana chumvi husaidia kusaga, kisha pilipili, mwisho bizari. Ukitumia kinu, pitisha katika chujio ili maganda magumu yabaki. Ikiwa nzito kupita kiasi, ongeza siki, si maji.

Rudisha motoni katika sufuria safi. Koroga kwa mwiko mpaka itokote, na iendelee kutokota taratibu kwa dakika tano. Simama mbali kidogo, kwa sababu huruka. Wakati huo chupa zako za kioo ziwe zimechemshwa katika maji kwa dakika kumi pamoja na vifuniko. Jaza pilipili ikiwa ya moto, futa mdomo wa chupa, funga. Chupa iliyo moto isiwekwe juu ya saruji baridi. Iweke juu ya kitambaa, isije ikapasuka.

Weka mahali pa giza na baridi. Mwenye friji aitumie. Asiye na friji ajaze chupa ndogo ndogo, ili ile inayofunguliwa imalizike katika wiki mbili. Chota kwa kijiko kikavu kilicho safi, si kile kilichotoka katika ugali. Ukiona ukungu juu, povu, kifuniko kimevimba au harufu imebadilika, mwaga katika shimo na ufukie. Usionje ili kuhakikisha.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza kwa nini tusisage pilipili ya mwaka mzima mara moja baada ya mavuno. Jibu ni kwamba pilipili kavu nzima ni ghala lenyewe. Iweke katika kopo au ndoo yenye kifuniko kinachobana, juu ya rafu si sakafuni, nayo itakaa miezi mingi ikiwa kavu kweli. Saga ya wiki mbili, kisha saga tena.

Namna ya kuitumia, sitawafundisha sana. Kwa kuku mmoja vijiko vitatu vya chakula pamoja na chumvi kidogo, paka ndani na nje, acha saa mbili, kisha choma juu ya makaa yasiyowaka kwa ndimi. Kwa kambale, kijiko kimoja na nusu. Kwa maharage, kaanga kwanza kijiko kimoja katika mafuta kabla ya kutia kitunguu maji. Watu wa Mexico hufanya vivyo hivyo, nao wamegundua tulichogundua, kwamba mafuta ya moto hutoa harufu ambayo maji hayawezi kuitoa. Mchicha wa karanga hutaka kidogo sana, ncha ya kijiko.

Nitaje jambo jingine linalowahusu ninyi mnaolima karibu na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi hapa Tanzania, wakulima wametumia pilipili kuzuia tembo. Husaga pilipili kavu, huichanganya na oili chafu ya magari, hupaka kamba na vitambaa, na kuvitundika kuzunguka shamba. Tembo ana pua kali kuliko sisi, na harufu ile humchukiza. Haizuii kila tembo kila usiku, na mvua huiosha, kwa hiyo lazima ipakwe upya. Lakini kinu cha kusagia pilipili ya tembo kisirudi jikoni kamwe. Oili chafu ina madini yenye sumu, na haitoki kwa sabuni. Kiwe kinu kingine, kiwekwe ghalani, na kiandikwe SUMU kwa herufi kubwa. Yeyote nyumbani ajuaye kusoma atajua, na watoto wafundishwe umbo la neno hilo hata kabla ya kuanza shule.

Wapo watakaotaka kuuza. Mikumi iko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, mabasi husimama, na abiria hupenda kununua kitu cha chupa. Ni biashara nzuri, lakini chakula cha kuuzwa kina sheria yake. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Shirika la SIDO, ambalo lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, huwafundisha wasindikaji. Anza kwa afisa afya wa kata yako. Yeye atakuelekeza njia, naye ni jirani.

Kabla ya kwenda, piga hesabu. Hii ni mfano tu, bei za kweli utaziuliza sokoni. Tuseme pilipili, siki, vitunguu na chumvi vimegharimu shilingi 5,000, mkaa shilingi 1,000, na chupa tano shilingi 2,500. Umetumia kiasi gani kwa jumla? Kila chupa imekugharimu kiasi gani? Ukiuza chupa moja kwa shilingi 1,500, unapata faida au hasara? Wengi husahau kuandika chupa na mkaa, wakajiona matajiri mpaka mwisho wa mwezi.

Kazi ya wiki hii ni kuandika kibandiko. Kata karatasi ndogo, andika kwa mkono wako mambo manne: jina la kitu, vilivyomo ndani, tarehe ya kusagwa, na jina lako. Kwa mfano: PILIPILI YA KUSAGA. Pilipili, siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba, chumvi. Imesagwa tarehe 14 Julai. Usiandike tarehe ya kusagwa kwa kukumbuka. Iandike siku ile ile, chupa ikiwa bado na joto. Leteni vibandiko hivyo darasani wiki ijayo, na mwenye chupa ailete na chupa. Mwalimu atazipanga mezani, nanyi mtasomeana. Somo lijalo ni juu ya kukausha mboga za majani. Kwaherini.